Zulia la Tangi la Haji Fikri

Mansura, Ijumaa asubuhi

Kwa mdogo wangu Tafida, huko Suez,

Nakusalimu kwa salamu za dada aliyekubeba mgongoni, na namwomba Mungu barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako miwili. Goti vipi? Umeacha achari za chumvi kama daktari alivyokuambia? Hujaacha, nakujua. Sisi huku wazima. Shemeji yako Haji Fikri amerudi kutoka hospitali ya Cairo, kifua kimeshonwa kama gunia, anakunywa supu na kulalamika, kwa hiyo anapona.

Sasa sikiliza, na usirukie mwisho wa barua.

Unalijua lile tangi lake la samaki, lililokula ukuta mzima wa sebule yangu tangu binti yetu Nagwa aolewe. Alipokuwa amelazwa alinipigia simu, wala hakuuliza nimeshindaje. Aliuliza habari za kamba wake wadogo wekundu. Akasema wanazaa na watoto wanaliwa, maana chini ni changarawe tupu, hawana pa kujificha. Niende soko la Ijumaa kwa Wagdi, yule muuza samaki wa mapambo na majani yao, nitafute majani yanayotambaa, yafunike chini kama zulia kabla hajarudi. Tena nikumbuke kwamba tangi letu ni la kimaskini, halina mtungi wa gesi ya kukuzia majani na taa yake hafifu, nisije nikaleta majani ya kitajiri.

Sokoni nilinyoosha kidole kwenye yale mazuri kuliko yote, vijani kama punje za ufuta, kijani kibichi kama mahameli. Wagdi akacheka. "Hajati, huyo ni bibi harusi. Anataka gesi, anataka taa ya uwanja wa mpira. Kwako atakaa wiki mbili, arudi kwao." Nikamwambia mzaha wake akamfanyie mama yake. Akanipa mengine, mafupi, meusimeusi, sura hayana. Akasema haya hukua polepole lakini yanavumilia shida. Wiki za mwanzo yatalainika na kuoza, nisiyaguse, mizizi i hai, yatachipua. Alirudia mara tatu kama anaongea na kiziwi.

Nikayapanda shina moja moja kwa kibano cha nyusi, mgongo ukaniuma siku mbili. Siku ya tisa yakawa kama mlenda uliosahaulika jikoni. Haji alikuwa amebakiza siku nne kurudi. Mtu atoke kupasuliwa aje akute jalala ndani ya nyumba yangu? Mimi, ambaye majirani wanaogopa kuingia kwangu na viatu? Nikang'oa yote, nikatupa.

Ndipo nikakumbuka yale majani ya pande nne kama karafuu iliyochanua, yanayoota kwenye mfereji wa mpunga wa ndugu yetu Metwalli. Wagdi anayo hayo hayo kwenye vikopo, kayapanga kama yameshuka peponi! Nikaenda kijijini, nikarudi na beseni limejaa. Nikapanda. Wallahi, Tafida, lilikuwa zulia la msikitini.

Kesho yake adhuhuri kamba wakaanza kupanda kioo, wanaanguka chali. Ilipofika alasiri hakuna hata mmoja aliyetikisika. Kisha samaki wakaja juu kuvuta pumzi, hadi wale wanane wenye masharubu ambao Haji kakaa nao miaka kumi na moja. Nikachota maji machafu, nikamimina mapya, ndoo juu ya ndoo. Wamebaki wawili.

Haji aliporudi alikaa mbele ya kioo bila kuvua viatu. Akauliza majani yametoka wapi. Nikasema kwa Wagdi. Akasema kamba hawafi hivyo ila kwa dawa ya wadudu, basi Wagdi kaniuzia majani yenye sumu. Nikaenda kumpashia supu. Tangu hapo amewapigia simu wenzake wote wafuga samaki, na leo wanakutana mbele ya meza ya Wagdi kumtangaza sokoni, watu wasinunue kwake tena.

Jumatano Wagdi alikuja. Alisimama mlangoni, nikamwambia kaa, akakataa. "Hajati, nina watoto watatu, na jina langu ndilo duka langu. Mwambie Haji wewe ulichukua nini kwangu." Haji akafoka kutoka ndani, aondoke mwongo huyo. Mimi nikafunga mlango. Niliufunga polepole, lakini niliufunga.

Nimekuwa nikijiambia kwamba daktari amekataza Haji asiudhiwe. Uongo mtupu. Ukweli ni huu, nawe ndiwe wa kwanza kuusikia. Siku ile mferejini, Metwalli alipiga kelele kutoka ng'ambo ya shamba, "Dada, toka humo! Tumepiga dawa jana!" Nami, matope magotini, nikamjibu kwamba nilianza kuinama kwenye mfereji huu yeye hajatungwa mimba. Nikaendelea kung'oa. Nyumbani nikayasuuza bombani mara moja, nikasema yametosha. Niliambiwa, Tafida. Nilisikia vizuri sana.

Usinipigie simu kunituliza, wala kunikaripia. Kukaripia ni kazi yangu katika ukoo huu. Nisalimie mumeo, na wajukuu wako mmoja mmoja, na yule wa mwisho mwambie anywe maziwa.

Haji amekwisha kuoga, ananiita nimfunge vifungo vya kanzu, mikono yake bado haina nguvu. Viko saba. Nitamwambia nikiwa nimeshika cha kwanza, asiweze kutoka mlangoni kifua wazi kabla sijamaliza. Akinisukuma, basi nitatangulia sokoni peke yangu, na sauti yangu unaijua, watanisikia hadi kwa wauza njiwa.

Ni mimi dada yako,
Nabawiya