Mwati Wangu wa Rungwe Mpya

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Kasulu hatujambo. Mvua imeanza vizuri, na babu yako bado anagombana na mbuzi wake. Unauliza kwa nini mti wa mwati ulioupanda huko Dodoma unapukutisha majani ilhali unaumwagilia kila siku.

Hata mimi nilikosea hivyohivyo. Miaka ile ya sabini, tulipohamishiwa kijijini Rungwe Mpya, jirani yangu Mama Yozefu, mkimbizi kutoka Burundi, alinipa mbegu. Nilizimwagia maji ya moto kama alivyonielekeza, ili maganda yake magumu yalainike, mawifi wakanicheka kwamba napika mbegu. Ukaota mche mmoja tu. Kwa kuogopa aibu nikaumwagilia asubuhi na jioni, nikaurundikia na samadi. Ukanyong'onyea.

Mama Yozefu akaja, akashika udongo. "Unaulea kama mgonjwa," akasema. "Uache utafute maji wenyewe."

Nikauacha, shingo upande. Mwaka wa pili ukajaa maua ya njano, na mawifi wakaja kuomba mbegu.

Mama yako ananihimiza nije nikuangalie unavyoishi peke yako huko. Nimemjibu kwamba nimeshakumwagilia vya kutosha.

Bibi yako