Neno Nililomwambia Kitonga Kuhusu Sabuni

S.L.P. 47,
Mukuyuni, Makueni.
9 Machi 2025.

Mpendwa mpwa wangu Kimeu,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Natumaini wewe, Wacuka na watoto hamjambo huko Kanada, na kwamba baridi imeanza kulegea. Mimi goti linanisumbua, lakini shambani bado nafika. Mvua hatujaiona.

Mama yako angali wodini Kitui, leo siku ya ishirini na tatu. Uso unapona. Mkono wa kulia ndio mbaya: vidole viwili havikunjiki, na daktari hakutuficha kwamba hatasuka vyondo tena. Nilipomwambia nitakuandikia alisema, "Mwambie mdomo haukuungua, bado nitamgombeza." Kisha akageukia ukutani.

Sasa nikueleze juu ya lile gari, maana uliambiwa nusu. Unajua marehemu baba yako alilinunua kuukuu kwa mtalii, likiwa na kitanda, sinki na jiko la gesi ndani, ili mama yako akienda kuuza vyondo asitafute pa kulala. Tangu mzee atuache, ndugu yako Kitonga ndiye dereva, nami ndiye fundi wa kwenye simu. Fundi wa kweli wa magari ya namna hiyo yuko Nairobi, na hatukumweza. Paa lilipovuja, tuliziba kwa lami na kipande cha turubai. Taa za ndani zilipozima, nilimwambia Kitonga afuate waya kuanzia kwenye betri, polepole, akakuta panya wameutafuna. Tukajiona wajanja.

Mwezi uliopita, wakiwa sokoni Kabati, mama yako alisikia harufu ya gesi. Kitonga akanipigia. Nikamwambia, "Funga mtungi, upake sabuni kwenye viungo vya bomba, halafu uangalie." Nilimaanisha sabuni iliyokorogwa kwenye maji. Ukishaipaka unafungua mtungi kidogo, na panapovuja patatoa mapovu. Hiyo ni njia ya kutafuta tundu, si ya kuliziba.

Lakini dereva gani wa kwetu hajaziba tangi la petroli kwa mche wa sabuni? Petroli haiyeyushi sabuni, kwa hiyo hushika hata wiki nzima. Kitonga alifanya kile ambacho madereva wote hufanya: akasugua mche mkavu kwenye kiungo. Akafungua mtungi, harufu haikurudi. Nikamuuliza ameona nini. "Pako pakavu kabisa, mjomba." Mimi nikaelewa hakuna mapovu, nikamwambia basi ni salama. Miaka thelathini na mmoja nimefundisha fizikia, nikiwadai wanafunzi waonyeshe hatua zote, na siku hiyo sikumdai hata moja.

Barabara ikatikisa bomba, sabuni ikapasuka. Asubuhi Kitonga alienda kuteka maji. Mama yako alikuwa na mafua, hakusikia harufu yoyote. Akawasha kiberiti apike chai.

Kitonga ndiye aliyemtoa.

Ule ujumbe uliomwandikia, kwamba yeye si ndugu yako tena, alinionyesha. Tangu siku hiyo hajakanyaga wodini. Yuko Kasikeu anapasua kokoto. Nilimfuata nikamweleza haya yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mjomba, acha kunifunika." Anadhani namhurumia tu. Mama yako naye, kila saa ya kuona wagonjwa, anauliza ni nani huyo mlangoni.

Siombi unisamehe sasa. Hasira yako niletee mimi, naistahili. Lakini mpigie ndugu yako. Mwambie mjomba amekiri kwa mkono wake kwamba neno lilikuwa lake na kosa ni lake. Kwangu hakubali. Kwako atakubali. Na usichelewe, Kimeu, kwa sababu nimemwona, amekonda, na hali chakula anachopelekewa.

Mke wangu Kalekye anawasalimu nyote, hasa watoto. Mungu awafunike huko mliko, na akupe usingizi ukishamaliza kusoma haya.

Mjomba wako akupendaye,
Nzioka Mbithi