Mwisho Uliouongeza

Ndia Kuu, Mombasa, 1994

Kwako mdogo wangu Sheikhan,

Assalamu alaykum. Mama hajambo. Paka wako kazaa juu ya vitabu vyetu vya katuni.

Gazeti limefika. Uhakiki wangu wa ile filamu ya karate, niliokupa umpelekee mhariri huko Nairobi, umetoka kwa jina lako. Hata makosa yangu hukuyagusa. Umeongeza mwisho tu: mwalimu anamsamehe mwanafunzi aliyemwibia mbinu zake.

Sheikhan, tulipokuwa watoto mkanda wetu wa video wa filamu hiyo ulikatika kabla ya hapo. Ulilia sana, nikakutungia huo mwisho ili unyamaze.

Juzi nimeitazama yote, kwenye ukumbi wa video wa Mwembe Tayari. Mwalimu hasamehe.

Nduguyo,
Abdulbasit