Sponji ya Fathia

Mtaa wa Wabera,
Isiolo.
21 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Halkano,

Assalamu alaikum warahmatullah. Afya yako vipi huko Doha? Hilo joto limekuachia nyama mwilini, au ukirudi tutapokea mifupa? Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mama magoti yanamsumbua, lakini sauti yake bado inafika sokoni.

Nianze na linalokunyima usingizi: binti yako Fathia ni mzima kabisa. Daktari amemwona tena na kumruhusu kucheza. Najua habari zilikufikia nusunusu, ndiyo maana nampa jirani yetu Mamo, anayesafiri kuja huko, barua hii akuletee, uisome yote kabla ya kuniamulia kesi.

Ulipokubali acheze raga shuleni, mimi ndiye niliyeingiwa na hofu. Nikapasua mto wake, nikatoa sponji na kuishonea ndani ya hijabu yake ya michezo. Kina mama wenzangu wakaniiga, timu nzima ikawa na vichwa kama matikiti. Nikajiona fundi kweli.

Kumbe sponji ilimpa ujasiri wa bure. Kwenye mechi alimvamia mwenye mpira kichwa mbele, wakagongana, akaanguka. Alipoinuka alikwenda kujipanga na wapinzani. Watu wote tulicheka.

Mwalimu Kate, kocha wao, hakucheka. Alimtoa papo hapo. Fathia akalia arudi, nami nikapiga kelele, "Abbo, jamani, mrudishe mtoto, si amesimama!" Mwalimu akajibu bila hata kunitazama: "Mama, akigongwa kichwa harudi leo. Hata tukishindwa." Tukashindwa.

Hatujafika nyumbani mtoto akaanza kutapika. Halkano, nilimbeba mgongoni nikageuza njia mbio. Hospitalini daktari alisema ubongo umetikisika na kwamba pigo jingine siku ileile lingeweza kuwa baya sana. Akaamuru apumzike, kisha arudi mchezoni polepole.

Mwalimu amefumua sponji zote. Anasema mtoto akidhani kichwa kina godoro atakitanguliza tu. Sasa anawafundisha kushika mapaja, kichwa kikae pembeni. Nami nimeacha kununa, namchukulia maji ya timu.

Jana nikiwa uwanjani, rafiki yake Deeqa aliangukia kichwa, akainuka haraka akijifanya mzima. Kabla yeyote hajaona, Fathia aliinua mkono: "Mwalimu, Deeqa atoke! Ananiuliza leo ni siku gani." Deeqa alimfinya mpaka akaruka, lakini mkono hakuushusha. Deeqa naye amepelekwa hospitali, hana neno. Nilitaka kumkumbatia mwanao mbele ya watu wote, ila angenikasirikia.

Mama anakusalimu na kukuombea riziki yenye utulivu. Wanangu Jillo na Asli wanauliza utakuja lini. Mungu akufunike huko uliko, akulinde na kila shari.

Lala sasa, mdogo wangu. Sponji nimeirudisha kwenye mto wa Fathia, na ninapokuandikia ameilalia, anakoroma kama wewe.

Dada yako akupendaye siku zote,
Zeinab