Bibi Hakukukimbia

Mama yangu uliyelala Nanganga,

Mjukuu wako Zuhura anakula sasa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeniuliza kabla ya salamu.

Unakumbuka alivyotoka hospitali, wamemkata karibu nusu ya mfuko wa chakula? Daktari alisema ale kidogo kidogo mara sita kwa siku, asinywe maji pamoja na chakula, vitamu asiguse. Ukaja Nachingwea na kuku wawili na unga wa muhogo, ukaniambia, "Nenda kaokote korosho zako, mtoto niachie mimi." Sikukueleza sawasawa, mama. Nilisema tu, "Asile sana," nikaenda zangu shambani.

Wewe ulijua namna moja ya kumwinua mgonjwa, ndiyo uliyotuinulia sisi sote: uji wa muhogo, asali ya kutosha, bakuli lijae. Niliporudi mchana nilimkuta anatetemeka, jasho linamtiririka, anaharisha mapajani mwako. Nawe unambembeleza, "Kunywa tena, mama, upate nguvu."

Nikakufokea majirani wakisikia. "Unataka kuniulia mtoto?" Ulifua kanga aliyokuchafulia, ukaivaa mbichi, ukapanda bodaboda. Nikajisemea, nitamfuata kumwomba radhi korosho zikiisha. Korosho hazijaisha, nikaitwa msibani kwako.

Siku hizi nampa ugali matonge mawili na yai au samaki, maji baadaye, kisha anajilaza. Jirani yetu Msukuma hutuletea mtindi, nampa kwa kijiko. Akiiba biskuti, jasho lile lile linamtoka. Namlaza, baada ya muda hali inapita. Ingepita hata siku ile, mama. Najuta.

Kwenye arobaini yako mama mdogo alinishukuru kwa kukutunza vizuri ulipokuwa kwangu. Kumbe uliwaambia umerudi kuwahi kulima! Ulinisitiri, nami nikanyamaza nikala wali wa watu.

Juzi Zuhura kaniuliza, "Bibi aliondoka kwa sababu nilimchafulia kanga?" Miezi yote hiyo mtoto anabeba hilo. Nikamwambia, "Hapana mwanangu. Bibi hakukukimbia. Mimi ndiye niliyemfukuza."

Hakulia. Alisogea kidogo mkekani, akakaa mbali nami.

Nisamehe, mama, kama unaweza.

Ni mimi, kitindamimba wako.