Salma, Usimlete Mtoto Huku

Mjukuu wangu Salma, u mzima wewe na kichanga chako?

Nyumba hii ya wageni ya Makunduchi nzuri, na pweza wao wa nazi hana mfano. Lakini imekaa juu ya jabali lililoliwa na bahari. Maji yakijaa, kikombe kinatembea mezani chenyewe. Nikamuuliza mpishi, huyu huyu anayeniandikia kadi. Akacheka: "Bi, maji yanapita chini tu."

"Chini ya kitanda changu?"

"Naam."

Tangu hapo nnalala mlangoni, viatu miguuni. Nilikwambia arobaini ikitimia umlete mtoto apunge upepo. Usimlete, unasikia? Keshokutwa nnarudi nyumbani Mlandege kumpakata hapo hapo. Unywe uji wa pilipili manga, usinidanganye.

Bibi yako