Nane ya Mtoto, Saba ya Mzee

Jumamosi, 2 Agosti 2025
Hiram, mwenye agrovet ninakouza dawa za mifugo, amepiga simu. Likizo ya uzazi imeisha. Nisiporudi dukani Jumatatu ya tarehe kumi na moja, anaandika mtu mwingine. Nikikosa hiyo kazi nitakuwa wa kumwomba Kiplimo hata pesa ya sabuni. Na mume wangu haombwi bure!

Natafuta yaya wa mwanangu Jeff. Elfu nane. Hapa Kiamunyi wengi wanalipa hiyo.

Jumapili, 3 Agosti
Kiplimo amerudi kutoka kazini Olkaria, shifti imeisha. Eti ugali una mabonge. Alinishika nywele akanigongesha kichwa kwenye friji — nimembeba Jeff! Nikaenda kanisani na miwani ya jua. Wariara wa nyumba ya pili akasema nimependeza.

Jumanne, 5 Agosti
Wasichana watatu wamekuja. Wa kwanza aliuliza kama hapa ndipo kwa Baba Jeff, akaacha chai mezani akaenda zake. Wa pili anataka elfu kumi na tano. Nikamwuliza ana digrii ya nepi? Wa tatu — kumi na tano vilevile! Utadhani wamefanya mkutano.

Jumatano, 6 Agosti
Kumbe walifanya. Wariara ameniambia, bila kunitazama. Mayaya wa ploti yetu hii ya nyumba za kupanga hupangia kila nyumba bei wakianika nguo. Nyumba ya mapacha, kumi. Ya mbwa mkali, tisa. Yangu kumi na tano, kwa sababu Jepkemei, yaya wetu aliyeondoka Juni, alipasuliwa mdomo na Kiplimo akituamua. Amewaambia wote.

Miwani yote ile, na bei yangu iko kwenye kamba ya nguo! Nimeona haya.

Alhamisi, 7 Agosti
Amekuja Nasimiyu. Mama mzima, ana watoto wake Kimilili, mikono minene. Nikamwambia nane. Akatikisa kichwa.

"Mama Jeff, ya mtoto ni nane. Hiyo saba ingine ni ya mzee wako."

Nilimfokea atoke. Hakutoka, alimchukua Jeff, akamcheulisha. Nimekubali kumi na tano. Mshahara wangu ni ishirini na mbili, itabaki saba. Kidogo, lakini yangu.

Jumamosi, 9 Agosti
Saa sita mchana. Niko bafuni, nimejifungia. Daftari hili huwa nalificha humu, kwenye kapu la nguo chafu.

Kiplimo alimwuliza Nasimiyu analipwa ngapi. Akamwambia. Kwa nini nyingi hivyo? Akamwambia hilo pia! Nane ya mtoto, saba yako, mzee.

Akanigeukia mimi. Mkanda, kisha ngumi. Jino limetoka. Nikamng'ata kidole hadi mfupa — mimi! — nikakimbilia huku. Anapiga mlango mateke. Anasema Jumatatu nitaenda kazini nikiwa kwenye jeneza.

Nasimiyu amekuja dirishani, Jeff mgongoni. Ameuliza ampeleke mtoto kwetu Molo ama aningoje. Nikamwambia aende! Hakwenda. Nimesikia akimwita Wariara, akimkabidhi mtoto.

Sasa Nasimiyu yuko ndani ya nyumba. Mateke yamekoma.

"Mzee, weka nyundo chini."

Nyundo? Ametoa wapi nyundo?

Matusi. Meza inasukumwa. Kitu kizito kimeanguka, na Nasimiyu haongei tena. Naandika kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye komeo. Nafungua